Usituachie Murithi

Kanyakine, Jumapili jioni

Kithinji mwanangu,

Salamu tumeshapeana leo mara nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo hapa naziruka. Nyumba yako iko hapo ng'ambo ya zizi. Naona taa yenu kupitia dirisha la jikoni, na namsikia Wawira akipanga sufuria kwenye magunia. Ningeweza kuvuka nije nikwambie haya kwa mdomo, lakini tunajuana. Nikianza kuongea nawe jambo zito, baada ya maneno mawili natoa amri, na wewe baada ya maneno mawili unatazama saa. Ndiyo maana nimeketi na kalamu. Naandika Kiswahili kwa sababu mkeo ni mtu wa Mbeere, Kimeru chetu bado kinamsumbua, na ningependa asome pia. Halafu Kimeru ndicho nilichokugombeza nacho tangu utotoni. Nikikianza tu, naisikia ile sauti.

Nimechoka, sitakuficha. Mgongo huu umebeba ndizi za Mitunguu miaka mingi, na leo umebeba meza na viti vya wageni wenu. Usitarajie barua yenye mpangilio. Mambo ya nyumba ya kupanga, jua la Siakago mnakohamia, mkubwa wako mpya wa ofisi ya kilimo, hayo mtayajua mkifika. Nyinyi ni watu wazima na mimi huko sijawahi kukaa. Nina jambo moja tu. Lori likija asubuhi, mchukueni mwanenu Murithi. Msituachie.

Najua mama yako amekuomba umwache. Nilikuwepo. Najua pia kwamba hukumjibu, na mfuko wa nguo za mtoto mpaka sasa uko pale barazani, haujaingia kwenye mizigo yenu wala haujaletwa kwetu. Karimi, mama yako, hakusema upuuzi.

"Huko ni jua tu na vumbi," alisema. "Na nyinyi wote mnatoka asubuhi. Nani atamshika? Msichana wa kazi ambaye hamumjui? Mwacheni hapa na mimi. Kwani wewe nilikulea vibaya?"

Hilo swali la mwisho ndilo lililokunyamazisha, nami likaninyamazisha. Jioni hii nataka kulijibu, kwa sababu halikuwa lako wala la mama yako. Lilikuwa langu.

Nianze na ya leo mchana. Wageni walikuwa wameshaomba, chai inazunguka, Wawira akamnyang'anya Murithi simu. Simu ni ya Wawira, na mtoto alikuwa ameshaipaka mafuta ya chapati. Murithi akachukua kikombe akamrushia. Kilimpata hapa juu ya jicho, chai ikamwagikia ile blauzi aliyoishona kwa ajili ya safari. Unakumbuka kilichofuata. Sebule nzima ilicheka.

"Huyo si mtoto!" mama wa jirani alisema, akijipiga magoti. "Huyo ni Murithi mwenyewe amekaa hapo! Jina si mchezo, aki!"

"Mwacheni mume wangu," mama yako akasema, akimvuta mapajani. "Mlitaka mzee anyang'anywe simu na wasichana?"

Na mimi mwenye jina nilicheka kuliko wote. Nilifurahi, Kithinji. Mtu akifika umri wangu, magoti yanalia na hata mbwa wa nyumbani hamsikilizi, hufurahi kuona kuna mahali nguvu zake bado ziko. Kisha nikamwona Wawira akijifuta kwa leso huku anatabasamu, maana mkaza mwana hawezi kununa mbele ya wageni wa baba mkwe. Nikakuona wewe ukiinuka, ukatoka. Nilijua umekwenda wapi. Ulikwenda kusimama nyuma ya stoo. Ndipo ulipokuwa ukisimama ulipokuwa na umri wa mwanao.

Acha nikwambie ulivyokuwa. Mengine huwezi kuyakumbuka, na yale uliyosimuliwa tuliyasimulia kwa namna ya kutuchekesha sisi wenyewe.

Ulizaliwa baba yangu akiwa ameshazikwa. Mvulana wa kwanza, kwa hiyo jina halikujadiliwa: ulikuwa Kithinji, kama yeye, na siku moja mwanao angekuwa Murithi kama mimi, na ndivyo ilivyokuwa. Baba yangu alikuwa mtu wa kazi na mtu wa fimbo. Akiingia uani tulijua kwa miguu yake kama siku ile tutakula au tutakimbia. Nyanya yako alikaa naye maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akimaliza chakula chake bila kuinuka kumletea kitu.

Nyanya yako huyo alipokupokea mikononi alipiga vigelegele akakuita mume wangu. Kwetu hilo si ajabu. Kila nyanya hufanya mzaha huo na mjukuu mwenye jina la mzee wake, na ni mzaha mtamu. Sisi hatukujua mahali pa kuuachia. Ulipoweza kuketi, alikutolea kiti cha mzee, kile cha miguu mitatu ambacho hata mimi mwanawe sikuwahi kukikalia. Nyama ikipikwa, kipande cha kwanza kilikuwa chako. Ukilia, nyumba nzima ilisimama. Ukimpiga mtu, tulisema mzee amekasirika, mmemfanyia nini? Aliyepigwa ndiye aliyeulizwa.

Ulikuwa unauma, Kithinji. Unauma kwelikweli. Kijana anayekuja kesho kuwasaidia kupakia lori bado ana alama yako mkononi. Ulivunja kioo cha mama yako. Ulimtupia nyanya yako jivu. Shule ya watoto pale kanisani hukumaliza hata muhula, mwalimu akaniita.

"Baba Kithinji, huyu kijana amenishinda," aliniambia, na nilimwona amechoka kama ninavyochoka sasa. "Ameuma mtoto wa wenyewe mpaka damu. Nikimwambia aombe msamaha, anasema yeye ni mzee, mzee haombi msamaha. Nyumbani mnamwambia nini?"

Nilicheka. Nilicheka mbele yake! Nikamwambia hiyo ni damu, babu yake alikuwa hivyo hivyo, itapungua akikua. Nilikupeleka nyumbani nimekubeba mabegani, njia nzima nikikusimulia ulivyo mkali. Kufika, nikakuta ujumbe kwamba mnunuzi amezikataa ndizi zetu, ziko kando ya barabara zinaiva kwenye jua. Jioni ile ulimwaga maziwa, nikakuchapa mpaka mama yako akaja kujiweka katikati.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Ndizi zikinunuliwa vizuri, kuuma kwako kulikuwa kichekesho. Zikikataliwa, kumwaga maziwa kulikuwa dhambi. Ungejuaje? Mtoto mdogo hajui bei ya ndizi. Ulikuwa unanitazama usoni kabla ya kufanya jambo, nami niliona huo ni ujeuri, kumbe ulikuwa unajaribu kujua leo ni siku gani.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na hili Wawira akilisoma si neno. Unajua kwetu mtoto hamwiti baba yake kwa jina. Mimi jina la baba yangu sikuwahi kulitamka mbele yake mpaka anazikwa. Kisha nikapata mtoto mwenye jina lile, mdogo, ambaye ningeweza kumwita ninavyotaka. Nilipokuwa nakuchapa na kile kipande cha mpira wa maji wa shambani, nilikuwa nikilitaja. Kithinji! Kithinji! Kila pigo na jina. Mama yako alidhani nakuita wewe. Wewe pia ulidhani hivyo. Siku moja, katikati ya kukuchapa, niligundua kwamba hulii. Umekaza meno, unanitazama tu. Mimi nilikuwa nikikaza meno hivyo hivyo mbele ya baba yangu, na nilijua mtoto anayetazama hivyo anawaza nini. Mpira ukaniponyoka. Sikukuomba msamaha. Nilitoka nikateremka Mitunguu kufungua maji ya kumwagilia ndizi, ingawa haikuwa zamu yangu, na jirani mwenye zamu akanitukana ipasavyo.

Ungetegemea hapo nibadilike. Sikubadilika. Nilijionea huruma siku chache, nikarudi kule kule.

Kilichonizindua ni kitu kidogo, ambacho nyumba nyingine kingepita bila mtu kukiona. Ulikuwa karibu kuingia darasa la kwanza. Tulikuwa jikoni sote, mukimo bado uko motoni, na wewe umekalia kiti cha mzee. Nyanya yako ndiyo kwanza alikuwa amekaa, mguu wake umevimba, ameunyoosha. Ukapiga kiti kofi, ukasema kwa sauti nzito:

"Chakula kiko wapi? Kwani hapa hakuna mwanamke?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Nikamwona mama yangu anainuka. Hakuwa anacheza, Kithinji. Mzaha ungekuwa na kicheko, naye hakucheka. Aliinuka haraka, na mguu wake ule, mkono umeshika ukuta, macho chini, kama alivyokuwa akiinuka miaka yote. Alikuwa amekwisha kushika sahani kabla hajakumbuka kwamba aliyesema ni mtoto.

Kisha mama yako, ambaye siku hizo hakuwa msemaji, akasema huku anakoroga sufuria:

"Huyu mtoto hajawahi kumwona mzee. Hata siku moja. Hiyo sauti ameitoa wapi?"

Hasira zilinipanda, kwa sababu jibu nililijua. "Nyamaza!" nikamwambia. "Wewe ukiongea ni maneno tu!"

Na wewe, juu ya kiti chako, ukamwelekezea mama yako kidole, ukasema, "Nyamaza! Wewe ni maneno tu!"

Ulinirudishia maneno yangu kabla hayajapoa. Miaka yote tulisema ni damu, ni jina, ni mzee amerudi. Mzee hakurudi popote. Hukumjua yeye. Ulinijua mimi.

Kesho yake nilikipeleka kiti stoo. Nyanya yako aliniuliza kama namfukuza baba yangu nyumbani kwake, na kwa muda mrefu hakunipa chai kwa mkono wake. Aliiweka juu ya meza akaondoka. Nilijifunza kutoka nje nikikasirika. Ndiyo maana maji ya Mitunguu niliyafungua na kuyafunga kuliko mkulima yeyote, na watu wakanisifu kwa bidii. Mama yako alijifunza kutocheka, jambo lililomshinda zaidi, kwa maana ulikuwa mtoto wa kuchekesha kweli. Bado uliumiza watu. Ulipungua polepole, ukazidi tena nyanya yako alipofariki, ukapungua tena. Hakuna siku moja ninayoweza kuionyesha niseme hapa ndipo ulipopona.

Kisha ukanyamaza. Kufikia darasa la tano ulikuwa mtoto mtulivu kuliko wote, na mimi nikasimama kanisani nikashukuru kwa mtoto mtulivu. Ilinichukua miaka kuona kwamba ulikuwa unanikwepa. Mpaka leo unanikwepa kwa adabu, na siwezi kukulaumu. Najua mtu akiwa amefunzwa kutazama uso wa baba yake kabla ya kusema, hawezi kuacha eti kwa sababu baba amezeeka.

Sasa nirudi kwa Murithi, kwa kuwa yeye ndiye anayeondoka au anayebaki, na mimi na wewe tumeshakuwa tulivyokuwa.

Mama yako alikitoa kile kiti stoo mtoto alipoanza kutembea. Nilikiona asubuhi kimepakwa mafuta, kinang'aa. Sikusema kitu. Ningeweza kusema. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kwamba sasa ni zamu yangu kuwa mzee wa kiti. Karimi humwita mume wangu, humwekea maini ya kuku, na mtoto akimpiga teke msichana wa jirani, hutabasamu akinitazama mimi, kana kwamba ameniletea zawadi. Usimkasirikie. Aliyaona haya yote kwa mama yangu, na bado mapenzi yanamsahaulisha. Hata mimi nilisahau leo mchana, mbele ya jicho la Wawira lililovimba.

Na wewe nimekuona, mwanangu. Sikai barazani bure. Wiki iliyopita Murithi alimwaga uji, wewe ukamchapa, siku ya pili akaumwaga tena ukacheka kwa sababu barua ya uhamisho ilikuwa imefika. Nimekusikia pia ukimjibu Wawira unaporudi kazini umechoka. Si matusi. Ni sauti tu. Ungeniuliza umeitoa wapi, ningekuonyesha kifua changu.

Sina dawa ya kukupa. Waliosoma watawaambia mambo mazuri na mtayasikiliza. Mimi nakupa lile ambalo sikulifanya. Nilipomkosea mama yako, nilimwomba msamaha, usidhani sikumwomba. Lakini nilimwomba chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kelele zote ulizisikia, msamaha hukusikia hata mmoja. Ulikua ukijua jinsi watu wazima wanavyogombana, na hukuwahi kuonyeshwa wanavyomaliza. Ukimkosea Wawira mbele ya mtoto, mwombe msamaha mbele ya mtoto. Utaona aibu. Mimi aibu hiyo ilinishinda, na ona tulipofika, baba anamwandikia mwanawe aliye ng'ambo ya zizi.

Na wewe Wawira, mama, leo ulipigwa nyumbani kwangu na mimi nikacheka. Nisamehe. Ukisikia mtu wa kwetu akisema mtoto ni mkaidi kwa sababu hujui kulea, au kwa sababu ya jina, usibishane naye. Jibu ni kwamba ukaidi wake tumeushangilia sisi.

Mkimwacha hapa, Kithinji, atakuwa mzee kabla hajafika darasa la kwanza. Kila atakachokirusha kutakuwa na wa kukichekea, na siku mgeni asiyechekeshwa atakapokuja, atachapwa asijue kwa nini. Karimi hataweza kumkatalia kitu. Mimi nitajaribu wiki moja, kisha nitachoka, kama nilivyochoka sasa, na nitamwachia. Ninajijua. Huko Siakago hakuna anayemjua Murithi mwingine. Watamwona mtoto mfupi mwenye makamasi, basi. Nadhani atapumzika.

Usifikiri ni rahisi kwangu kusema hivi. Asubuhi yeye ndiye anayenigongea mlango kwa mguu na kuniita ntagu, mwenye jina langu, na hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayefurahi hivyo kuniona nikivaa viatu. Kesho kutwa atakuwa Siakago. Mimi na mama yako tutakunywa uji tukisikilizana tukimeza. Nitaumia, na mama yako ataumia zaidi. Nitamwambia kabla ya chai, atalia, ataninunia mwezi mzima. Hilo niachie mimi, usiingie.

Kiti kisipakiwe. Kitabaki hapa, nitakikalia nikikamua ng'ombe, maana kile kibao changu kimevunjika na mgongo unaniua. Mfuko wa nguo zake nimeuingiza kwenye mizigo yenu sasa hivi mlipokuwa mnakula. Uko chini ya godoro lililokunjwa.

Asubuhi nitakuja kumchukua mwenyewe kitandani, magoti yakikubali, nimbebe mpaka kwenye lori. Unajua anavyoamka akikatishwa usingizi. Atanipiga ngumi usoni, mbele ya mama yake, mbele ya jirani na wapakiaji, na wote watageuka kuona mzee atafanyaje. Sitacheka, Kithinji. Nitaushika ule mkono mdogo na kumwambia kwamba inauma.

Baba yako,
Murithi